Nani Anakushika Majini?

Migori
Jumapili, 15 Septemba 2024

Dada Eucabeth,

Gunia la dagaa wa omena limefika likiwa kavu, na barua yako nimeikuta mdomoni mwa gunia, chini ya ule mshono wa uzi mwekundu. Nimeisoma huku inanuka ziwa. Na hii yangu itanuka hivyo hivyo ikifika kwako, basi tuvumiliane.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Tulikubaliana kwamba mambo ya Nyakerario hayazungumzwi kwa simu, kwa sababu binti yangu huyo ana masikio ya polisi, na neno akilisikia atalirudia mbele ya mgeni wa kwanza. Ana miaka mitano na nusu tu. Akifika kumi atatuuza wote.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Aprili, alipotumbukia katika lile shimo la dhahabu lililojaa maji ya mvua kule Osiri, na mume wangu Nicholas akamvuta kwa ukosi wa gauni, sijapata usingizi wa maana. Baba yake hawezi kuacha mgodi, na mimi siwezi kuacha kibanda changu sokoni. Wewe ulisema mlete Rusinga akae mbali na mashimo, ukamtafutia na mafunzo ya kuogelea pale kwenye nyumba ya wageni. Kwa hilo nitakushukuru mpaka kaburini. Lakini Januari anaanza Gredi ya Kwanza, na ataianza huku kwetu. Nimesikia kuna hoteli kwenye barabara ya Isebania yenye bwawa, na mwalimu wao anafundisha watoto mwaka mzima, si likizo tu. Wewe uliyezoea, niambie niangalie nini kabla sijamwandikisha.

Kuna jingine. Juzi ulipompa simu nilimuuliza, "Nani anakushika majini?" Akasema, "Mama." Nikamwambia, "Mama niko Migori." Akasema, "Si wewe. Yule mwingine." Nilicheka, ulinisikia. Halafu nikapanga magunia upya mara mbili bila sababu yoyote. Niliona wivu, dada. Naliandika neno lenyewe ili lisinikae rohoni.

Nimemtumia kostiumu ya kuogelea, ya waridi. Niliichagua mwenyewe kwa Edinah wa mitumba kabla wateja wengine hawajafika.

Mdogo wako,
Bosibori


Rusinga
22 Septemba 2024

Bosibori mdogo wangu,

Kostiumu ni nzuri lakini Nyakerario wawili wanaingia humo na bado pakabaki nafasi ya kuku. Nimeiweka. Ana ya manjano ambayo nilimnunulia Mbita ikiwa mpya, na hataki kuivua hata wakati wa kula.

Umeniuliza uangalie nini. Angalia maji kwanza. Ukisimama ukingoni uone vigae vya chini, vyote, hata vya upande wa kina. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi. Wakizidi sita, geuka urudi nyumbani. Uliza kama wakati wa mvua wanafunga, kwa sababu mtoto mdogo akikaa miezi mitatu bila kuingia majini, anarudi akiwa amesahau kila kitu isipokuwa woga. Hii ndiyo sababu mimi nilitaka ya mwaka mzima. Na usidanganywe na mtu wa kusema ziwa lipo bure. Huku kwetu tuna kichocho na tuna viboko.

Halafu kuna sharti ambalo kila mahali ni lile lile. Watoto wa chini ya miaka sita wako darasa la kushikwa, yaani kila mtoto na mzazi wake, wote ndani ya maji. Mtoto akiweza kufika ukuta wa pili peke yake anahamishwa darasa la wakubwa, na mzazi anakaa nje kwenye kiti na taulo. Nyakerario bado. Mwalimu Beverly anasema bado sana. Kwa hiyo huko Migori mtu atahitajika kuingia naye, na sijui mtu huyo atakuwa nani. Wewe ninayekujua mimi ulivuka mto Gucha mgongoni pangu, umefumba macho, ukinikaba shingo, na maji yenyewe yalikuwa ya magotini.

Mimi nilijifunza ukubwani, hapa hapa, mume wangu Zadock akinicheka. Sasa kila Jumapili na kila Jumatano niko naye majini. Anaweka mashavu yake shingoni mwangu, baridi kama kikombe. Siwezi kukueleza.

Nimewaza, na shemeji yako Zadock hana neno: kwa nini usimwache amalize mwaka 2025 huku? Shule iko karibu. Mafunzo yasikatike. Fikiria mtoto, usifikirie sisi.

Dada yako,
Eucabeth


Migori
8 Oktoba 2024

Dada,

Nimefikiria mtoto. Atarudi Novemba shule zikifungwa.

Sikutaka kuandika mengi, lakini jana kijana wa mizigo aliniletea gunia na kuniuliza, "Huyu Min Nyakerario ni nani yako?" Nikamwambia Nyakerario ni mwanangu. Akanionyesha karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Imeandikwa kwa mwandiko wako: KUTOKA KWA MIN NYAKERARIO, RUSINGA.

Mimi nimekaa Migori miaka tisa, nauza omena kwa Wajaluo asubuhi mpaka jioni. Najua "min" ni nini. Ni mama wa fulani. Huku mimi ndiye Mama Nyakerario, sokoni na kanisani, na jina hilo nililipata kwa uchungu wa siku mbili na kwa kisu cha daktari. Wewe umelipata vipi?

Nimekupa mtoto umlinde na maji. Sikukupa jina langu.

Bosibori


Rusinga
20 Oktoba 2024

Bosibori,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Sikujipa hilo jina. Unajua huku ukiolewa unaitwa kwa kwenu mpaka uzae. Miaka kumi na miwili nimekuwa nyar Kisii, binti wa Kisii. Ukinunua sukari, nyar Kisii. Ukienda matangani, mpeni nyar Kisii kiti. Wenzangu walioolewa baada yangu wote wana majina ya watoto wao. Siku ya kwanza niliyoitwa Min Nyakerario ilikuwa Juni, pale kwa mama wa mboga. Niligeuka nyuma kutazama anaitwa nani. Hapakuwa na mtu.

Sikumsahihisha. Na kwenye gunia, ndiyo, niliandika mwenyewe. Nilitaka kuona linavyokaa kwenye maandishi.

Unaniuliza nimelipata vipi, na mimi sijakuuliza chochote maisha yangu yote. Wewe ulipata mimba mwezi wa tatu wa ndoa ukalia kwamba ni mapema. Ulilia mbele yangu, Bosibori. Nilikushika mkono na kukuambia Mungu ana mipango, halafu nikaingia chooni kwa muda mrefu. Kwa hiyo wivu usidhani wewe ndiye uliyeugundua.

Zadock atamleta Jumapili tarehe tatu. Hapendi ugali wa moto sana. Akilala lazima mlango uwe wazi kidogo. Akiingia majini usimmwagie kichwani, mwache aingize uso mwenyewe, ukihesabu naye mpaka tatu. Kostiumu ya manjano iko juu kabisa kwenye begi.

Eucabeth


Migori
Jumapili, 17 Novemba 2024

Dada Eucabeth,

Nyakerario hajambo na amenenepa.

Nimemwandikisha kwenye ile hoteli. Maji yanaonyesha vigae vyote, nilihakikisha. Mwalimu anaitwa Cephas, ana watoto watano tu, na hawafungi hata mvua inyeshe namna gani. Tumeshakwenda mara mbili na tutakwenda kila wiki mwaka mzima. Kila mtu anasema tunavyopendeza, mama na bintiye. Namshika vizuri sana. Wala si kazi ngumu kama ulivyoipigia chuku.

Hajakuulizia. Nasema tu ili usiwe na wasiwasi kwamba anahuzunika.

Omena ya mwisho ilikuwa na mchanga.

Bosibori


Rusinga
26 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Omena haikuwa na mchanga, na wewe unajua.

Edinah alinipigia simu, na wala si mimi niliyemtafuta. Anasema Sabato ya juzi alikuwa anapita akienda kanisani, akakuona ukiingia langoni kwa ile hoteli na Nyakerario. Umevaa gauni la kanisani, la bluu, na kofia yake. Alidhani kuna harusi. Akachungulia kwenye ua wa michongoma (Mungu amsamehe), akakuona umeketi ukingoni na kofia kichwani, miguu tu ndani ya maji, na mtoto ameshikilia kifundo cha mguu wako kama kamba ya mashua.

Kwa hiyo mafunzo ni Jumamosi. Binti wa Mzee Nyamongo, uliyekataa kazi nzuri ya duka kwa sababu walitaka uuze Sabato nusu siku! Ungeniambia hoteli hiyo inafundisha wadogo Jumamosi peke yake, ningekuambia mwache kwangu, kwetu ni Jumapili na Jumatano. Lakini umeona afadhali umkosee Mungu kuliko uniachie mimi mtoto. Nimecheka nilipoambiwa. Halafu nikaona hakuna kinachochekesha, nikakasirika.

Na huingii majini. "Namshika vizuri sana." Kwa mguu?

Nakuomba kitu kimoja, na hiki nakuomba kwa magoti. Huyo Cephas asimhamishe darasa la wakubwa. Nyakerario bado, nakuambia mimi niliyekuwa naye. Usimwachilie. Kama ni kushikwa na huwezi, nitakuja mimi. Nitapanda gari kila wiki, nimshike saa moja, nirudi. Hata chai sitakunywa kwako.

Kweli hajaniulizia? Hata mara moja?

Eucabeth


Migori
Jumapili, 1 Desemba 2024

Dada,

Leo naandika ukweli mtupu kwa sababu nimechoka kuupamba.

Ndiyo, ni Jumamosi. Jumapili hapo wanajaza vijana na muziki mkubwa. Nilijidanganya kwamba kumwokoa mtoto na maji ni kazi ya huruma, na kazi ya huruma inaruhusiwa siku ya Sabato. Lakini mtoto hakuwa anazama. Nilitaka tu kuwahi kabla hujamchukua kabisa. Hiyo kofia nilivaa ili majirani wadhani nakwenda kanisani.

Na amekuulizia. Kila jioni. Ninamwambia umelala.

Sasa sikia la jana. Cephas alikuja akasimama mbele yangu akasema kwa adabu, "Mama, leo uingie ama mtoto atoke. Miguu haitoshi." Wazazi wengine wote walikuwa ndani, hata mwanaume mmoja mnene kutoka benki. Nilivua kofia na gauni. Ndani nilikuwa nimevaa ile kostiumu ya waridi uliyoirudisha kwenye begi, maana kweli ilikuwa kubwa, ikanienea mimi. Usicheke.

Niliingia mpaka kifuani. Dada, sikuona bwawa. Niliona lile shimo la Osiri na gauni likielea. Nikamkamata Nyakerario kwa mikono yote miwili, nikambana, nikafumba macho kama siku ya Gucha. Akasema, "Mama, unaniumiza." Nikambana zaidi. Akasema tena. Halafu mguu wangu ukateleza kwenye kigae, nikaachilia, na mikono yangu ikawa tupu.

Nilipiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Cephas hakunitazama hata. Alikuwa anamtazama yeye. Nyakerario alikuwa anaogelea, dada. Uso ndani, uso nje, miguu ikipiga taratibu, mpaka ukuta wa pili. Akaugusa. Akageuka, akarudi, akasimama mbele yangu akipangusa pua.

Cephas akaniuliza, "Huyu anafanya nini katika darasa la kushikwa? Huyu aliiva zamani."

Nyumbani nilimkalisha kitandani nikamuuliza tangu lini. Yeye hawezi kuficha, unamjua. Alisema, "Tangu nguo yangu ya manjano ikiwa mpya. Lakini Mama mkubwa alisema tusimwonyeshe mwalimu Beverly, kwa sababu nikijua peke yangu yeye atakaa nje."

"Bado," uliniandikia. "Bado sana." Ukamtaja na Beverly. Unapiga magoti nisimwachilie, kumbe unajua anaweza. Ulimfundisha mtoto wa miaka mitano kujifanya hajui, mtoto aliyewahi kuzama, ili uendelee kumkumbatia.

Nilikuwa nimepanga kukutukana hapa. Nilikuwa na ukurasa mzima. Lakini ana alama za vidole vyangu kwenye mikono yote miwili, na zimegeuka rangi, na leo asubuhi nilimvalisha sweta ya mikono mirefu watu wasione.

Nijibu.

Bosibori


Rusinga
9 Desemba 2024

Bosibori,

Ni kweli.

Ilikuwa Agosti. Aliponyoka kama sabuni akafika ukuta wa pili, na Beverly alikuwa amegeuka kumfunga mtoto mwingine kamba ya kostiumu. Hakuona. Mimi ndiye niliyeona peke yangu. Furaha niliyoipata haikukaa hata dakika moja, maana nilikitazama kile kiti cha plastiki cha wazazi, kiko nje chini ya mwavuli, na taulo juu yake. Nikamwita, nikamwambia iwe siri yetu. Baadaye tukawa tunangoja Beverly ageuke ndipo anaogelea. Alidhani ni mchezo.

Miaka kumi na miwili nimekaa nje. Nimekaa nje kwenye ubatizo wa watoto wa watu, nje ya wodi, nje ya mikutano ya wazazi. Nilipata kitu kimoja ambacho nilikuwa ndani, ndani kabisa, maji yakinifika kifuani na mtoto shingoni. Sikuweza kutoka. Sasa najua nilikuwa nakosea, na hata wakati ule nilijua.

Kila ulipoandika "mwanangu" nilikuonea wivu. Hata hizo alama za vidole, Mungu anisamehe, nilipozisoma nilifikiria kwanza kwamba wewe una haki ya kumshika hivyo, halafu ndipo nikamhurumia yeye.

Mpeleke darasa la wakubwa. Chagua Migori. Maji ni safi, watoto ni watano, hawafungi. Ningekuwa mimi ndiye mama ningechagua hapo hapo. Omba tu wakubadilishie siku, usiharibu Sabato yako kwa ajili yangu.

Krismasi sitakuja. Mpe nguo ya kijani iliyo ndani ya gunia. Mwambie ni ya dukani, usiseme imetoka kwangu.

Karatasi ya gunia safari hii nimeandika Eucabeth.

Eucabeth


Migori
Jumapili, 5 Januari 2025

Dada Eucabeth,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na kitu cha kukuambia.

Nguo ya kijani nilimwambia imetoka kwako. Alilala nayo.

Nilikwenda kwa Cephas nikamweleza mimi ni Msabato na sitakuja tena Jumamosi, hata kama itabidi mtoto aache. Alifikiri, akasema Jumapili muziki unaanza saa nne, kwa hiyo tunaweza kuja saa moja asubuhi, na akapata wazazi wengine watatu wa kanisani kwetu ambao kumbe walikuwa wanaona haya kuuliza. Mmoja ni Edinah, analeta mjukuu. Sasa anatazama waziwazi bila kupitia kwenye michongoma. Kibanda nafungua saa tatu. Ni ya mwaka mzima, na Nyakerario yuko darasa la wakubwa.

Jumapili ya kwanza nilikaa kwenye kiti, na taulo mapajani. Nimekijua hicho kiti chako. Mtoto anakwenda mpaka mwisho wa maji na hakuna hata mara moja anayotazama nyuma. Nililia, watu wakadhani ni dawa ya maji.

Nikamuuliza Cephas kama kuna darasa la watu wazima waoga. Akasema lipo, saa ile ile, upande wa kina kifupi, na mwanafunzi atakuwa mimi peke yangu. Basi leo niliambiwa nilale chali juu ya maji. Nilikataa. Cephas alibembeleza, nikakataa. Nyakerario alikuwa amemaliza, akaja, akasimama nyuma yangu, maji yakimfika kidevuni. Akaweka viganja vyake viwili chini ya kichwa changu. "Lala, Mama. Nimekushika. Tunahesabu mpaka tatu."

Nililala. Masikio yaliingia maji, sikusikia kitu, niliona paa la hoteli na mawingu na uso wake ukiwa kichwa chini. Baada ya hapo nilimuuliza nani alimfundisha kushika mtu hivyo, bila kubana, vidole vimelegea. Unajua alichojibu. Ule wivu ukanipanda pale pale, dada, nikiwa natiririka maji. Haujaisha na sidhani utaisha. Lakini mimi nilimshika mara moja nikamwachia alama, na wewe ulimshika miezi sita ukamwachia mikono hiyo.

Likizo ya Aprili atakuja kwako, yote, na kila likizo baada ya hiyo. Mpeleke kwa Beverly, darasa la wakubwa, usipoteze hata wiki. Wewe ukae kwenye kiti. Taulo nitakutumia.

Narudisha magunia matatu yaliyo tupu. Barua hii iko ndani ya la juu. Karatasi ya nje nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nene: KWA MIN NYAKERARIO, RUSINGA. Kijana wa mizigo akiliita jina hilo pale kituoni Mbita, usigeuke nyuma kutafuta mtu mwingine.

Itika.

Mdogo wako,
Bosibori